Sinia la vyumba lenye mfuniko: linafaa kwa vitafunio vya sikukuu Tanga?

Desemba ikifika, maduka ya vyombo ya Ngamiani huyatoa mbele yale masinia ya plastiki ya duara: vyumba vitano kuzunguka, kibakuli katikati, na mfuniko unaoonesha vilivyomo. Mnunuzi anaambiwa ajaze, afunike, asubiri wageni. Kwa mwenye nyumba anayetaka kuandaa meza ya sikukuu bila kuwasha jiko, maneno hayo ni matamu. Sisi tunalipa sinia hili nyota tatu kati ya tano, na zote tatu limezipata kwa krispi, korosho na tende. Kwa matunda halikupata hata moja.

Tatizo ni mfuniko. Mchana wa Desemba joto la Tanga hufika digrii 32, na hewa ya pwani imejaa unyevu. Nanasi lililokatwa likikaa chini ya plastiki, mvuke wake unanaswa humo na mfuniko unaweza kutoka jasho kwa ndani. Matone huteremka kufuata mteremko mpaka ukingoni, na ukingoni ndiko zilikowekwa krispi. Kuta za vyumba nazo hazigusi mfuniko. Pana nafasi ya kidole juu yake, kwa hiyo mvuke wa tikiti unatembelea vyumba vyote kama mgeni asiyebisha hodi. Krispi za muhogo zilizokaa jirani na matunda yaliyokatwa, nusu saa inatosha kuzifanya zipinde badala ya kuvunjika. Halafu mtu anafungua mfuniko kwa kuuinamisha upande mmoja, na maji yote yaliyobaki yanamwagikia chumba kimoja.

Kwa hiyo kama unalinunua, linunue kwa vitu vikavu peke yake, na hapo litakufaa sana. Dukani ligeuze utazame kitako: alama ya kikombe na uma inaonesha plastiki hiyo imetengenezwa kwa ajili ya chakula. Linuse. Likiwa na harufu kali ya plastiki mpya, harufu hiyo itahamia kwenye halua, maana samli hubeba harufu upesi. Liweke juu ya kaunta ulibonyeze ukingoni. Likibembea dukani, mezani litamwaga karanga. Kibakuli cha katikati kiwe cha kutoka, la sivyo kukiosha ni kazi.

Upangaji wa vyumba una hila yake, na hila kubwa ni ubuyu. Ubuyu mwekundu ni pambo la bure, rangi yake inaita kutoka mlangoni, lakini haikai mahali pake. Sukari yake hunyonya unyevu wa hewa, inalowa, kisha rangi inashika chochote kinachougusa. Bisi zikidondokewa na punje tatu za ubuyu zinapata madoadoa ya waridi. Kashata ya nazi nyeupe ndiyo inaharibika kabisa. Upe ubuyu chumba chake, jirani zake wawe vitu vyeusi au vya kahawia, yaani tende upande mmoja na kashata za karanga upande mwingine. Korosho na krispi zikae upande wa pili wa duara. Ujaze ubuyu mwishoni, kwa kijiko, si kwa mkono uliotoka kushika matunda.

Tende zipasuliwe upande mmoja tu, kokwa itoke, na mahali pake iingie korosho nzima ikichungulia nje kidogo. Nusu kilo ya tende za ukubwa wa kati hutoa kati ya 50 na 60. Ukitumia zile laini sana, ziweke kwenye friji saa moja kabla ya kupasua, zitakubali kisu. Kashata zisirundikwe, zisimamishwe kwa ukingo kama vitabu kabatini, maana zikilaliana kwenye unyevu huu zinaganda na kuwa bonge moja. Halua usiifikirie kuitia kwenye friji hata kidogo. Wanga wake na samli hukazana kwenye baridi, ikitoka inakuwa ngumu na inapoteza mng'aro. Ikatwe kwa kisu kilichopakwa mafuta kidogo, vipande vya sentimita 3, iingie kwenye kile kibakuli cha katikati. Hapo ndipo sinia hili linapoonekana limetengenezwa kwa akili: halua katikati, na kila mtu anaifikia.

Matunda na mboga sasa. Tunashauri chombo ambacho nyumba nyingi za Tanga tayari zinacho: sinia la stili la sentimita 50, jani la mgomba, na kawa. Sinia la aluminiamu liepuke kama matunda yatagusa chuma, kwa sababu asidi ya nanasi na ndimu hula aluminiamu, tunda linapata ladha ya chuma na sinia linapata alama nyeusi. Stili haina shida hiyo. Tena stili hupitisha baridi. Weka sinia lenye barafu chini, la matunda juu yake, na ubaridi unapanda. Plastiki ungeiweka juu ya barafu hiyo hiyo na tunda lingebaki vuguvugu. Kawa la ukindu, linalouzwa kwa wauza mikeka na vikapu, huzuia nzi na vumbi na bado hewa inapita, kwa hiyo halitoi jasho. Kuna wanaoliona kawa ni la kizamani, la kufunikia wali wa bibi. Kwa kazi hii limeushinda mfuniko wa plastiki waziwazi.

Jani la mgomba likiwa bichi hupasuka ukilikunja. Lioshe, lifute, limwagie maji ya moto ya kwenye chupa ya chai pande zote mbili. Litalainika na kung'aa bila kuhitaji moto. Likate liwe dogo kuliko sinia kwa vidole viwili kila upande, mshipa mkubwa utolewe, upande unaong'aa ukae juu. Ile nafasi ya pembeni ni mfereji wa majimaji.

Kwa watu 20, kwa kuchanganya masinia yote mawili, nunua nanasi moja la kilo 2, embe kubwa tatu, robo ya tikiti la kilo 5, machungwa matatu, matango matatu, karoti sita, tende nusu kilo, korosho robo kilo, krispi za muhogo gramu 300, kashata 20, ubuyu robo kilo, halua nusu kilo, na mtindi lita moja. Nanasi hupoteza karibu nusu ya uzito kwa ganda na moyo, kwa hiyo kilo 2 ni kama kilo moja ya kula. Embe sokoni lipo la kukata na la kunyonya: mwambie muuzaji unataka la kukata, liwe limeiva lakini bado linajibu kidole. La kunyonya lina nyuzi, litatoka kwenye kisu likiwa limechakaa. Machungwa ya Muheza usiyahukumu kwa rangi. Usiku wa pwani hauna baridi ya kuligeuza ganda, hivyo kijani chake si ubichi. Lipime mkononi, zito kwa umbo lake ndilo lenye maji.

Mtindi uanze usiku wa kuamkia sherehe. Umimine kwenye kitambaa safi juu ya chujio, bakuli chini, uingie kwenye friji kwa muda wa saa 8 hadi 12. Lita moja itakuachia kati ya theluthi na nusu yake, mzito wa kusimamisha kijiko. Kwa kila gramu 250 tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, kotmiri iliyokatwakatwa na pilipili kwa kiasi unachopenda. Huo ni wa kuchovea karoti na matango tu. Nanasi lisitiwe ndani yake wala kuachwa likiugusa: nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na mtindi unageuka mwembamba wenye uchungu. Papai nalo lina tabia hiyo hiyo. Wengi hulaumu mtindi kwamba ulikuwa umeharibika, kumbe jirani ndiye mkorofi.

Pambo la katikati tunalolipendekeza ni nanasi la ngalawa. Lipasue kwa urefu pamoja na taji lake, usilitenganishe. Majani yakae nyuma kama tanga lililokunjwa. Pita na kisu sentimita moja kutoka ganda, toa nyama, tupa moyo, kata vipande vya sentimita mbili na nusu, vichuje robo saa kisha virudi ndani ya ganda. Ngalawa mbili zinatazamana, na embe linapangwa kati yake.

Kwa Krismasi, matango yanatengeneza mti bila gundi wala kijiti. Kata vipande vya duara vya milimita 5. Anza na mstari wa chini wenye vipande tisa, juu yake vinane, hivyo hivyo mpaka kimoja. Jumla ni 45, na matango mawili yanatosha na akiba kubaki. Siri ni kuezeka kama makuti: unaanzia chini, na kila mstari wa juu unaulalia wa chini. Ukianzia juu, mgeni akichukua kipande kimoja mti wote unateleza. Shina ni tende tatu zilizolala, nyota ni duara la karoti lililochongwa. Usinyunyize chumvi juu ya matango kabla ya wageni kufika, kwani chumvi huvuta maji nje na baada ya dakika kumi mti wako umesimama kwenye dimbwi. Weka chumvi na pilipili pembeni kwenye kisahani.

Tikiti ndilo linalovuja kuliko yote. Likate pembetatu nene na ganda lake, liwe ndiyo shikio, vipande vikae kwenye chujio dakika 20 kabla ya kupangwa. Tufaa, ukipenda kuliongeza, lichovywe dakika tatu kwenye kikombe cha maji chenye kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu, lifutwe. Bila hivyo litakuwa la kahawia kabla chai haijamiminwa. Ndizi na parachichi ziache. Karoti zikatwe vijiti vya sentimita 8 tangu asubuhi na zikae kwenye maji baridi ndani ya friji, zitatoka zikiwa zinalia ukizitafuna.

Wageni wakija saa kumi jioni, matunda yote yaoshwe mazima kwanza, ndipo yakatwe kuanzia saa nane, kwa ubao na kisu ambavyo havikugusa nyama wala samaki siku hiyo. Yakishakatwa yarudi kwenye friji katika mabakuli, kila tunda na bakuli lake. Saa tisa u nusu tandika jani, futa vipande kwa kitambaa safi, panga: vikubwa kwanza, kisha vya rangi, vidogo vya kuziba mapengo mwisho. Sinia la vyumba lijazwe hapo hapo na mfuniko ukae juu mpaka hodi ya kwanza, kisha uondoke usirudi. Matunda yaliyokatwa yasikae mezani zaidi ya saa mbili, na joto likipita digrii 32 ihesabu saa moja, hata kama yapo barazani Raskazone na upepo wa bahari unapuliza. Ni bora kutoa nusu, nyingine ibaki kwenye friji ije kama duru ya pili. Karanga na korosho zipewe kijiko chao, na aliyealikwa akiwa na mzio aambiwe mapema zipo kwenye chumba gani, na kwamba tende nazo zina korosho ndani.

Baada ya sherehe sinia la stili linataka maji na sabuni tu. La plastiki litakuwa limebaki na waridi ya ubuyu kwenye kona za chumba chake. Paka uji mzito wa magadi na maji, acha saa moja, sugua kwa kitambaa laini. Steelwool usiiguse: itachimba mikwaruzo, na ubuyu wa mwaka ujao utaingia humo humo usitoke tena.