Laini za biashara za 2,500 kwa mwezi: uzoefu wangu na bili ya 3,335

Nianze na pesa, maana ndizo kila mtu huniuliza. Kipeperushi kilisema shilingi 2,500 kwa laini moja kwa mwezi. Bili ikaja 3,335. Nina laini tatu, kwa hiyo badala ya 7,500 nililipa 10,005. Mtandao wenyewe ni mzuri, na nitaueleza, lakini hizo 2,505 za juu lazima nizifafanue kwanza kwa sababu kila niliyemuuliza alinipa jibu nusu.

Nina duka la uchapishaji karibu na River Road, Nairobi: kadi za harusi, mabango, vitabu vya risiti, programu za mazishi. Kazi nyingi huingia kwa simu. Laini moja inakaa kaunta, nyingine anayo kijana anayepeleka mizigo, ya tatu ni yangu. Awali kila mtu alikuwa ananunua kredo na bando lake, na mara nyingi bando lilikuwa linakatika mteja akiwa katikati ya kutuma faili. Ndiyo maana nilipenda hii ofa ya kulipia mwisho wa mwezi, dakika nyingi na intaneti ya kutosha kwa bei moja. Kampuni sitaitaja, kwani ninayotaka kusema hayaihusu hiyo peke yake.

Kipeperushi ninacho hadi leo. Kimechapishwa vizuri, hilo siwanyimi: A5, karatasi nzito ya kung'aa, rangi imekaa sawasawa hadi ukingoni. Ile "2,500" ni nyeupe juu ya rangi iliyokolea, imechukua karibu theluthi ya ukurasa. Kwenye sifuri ya mwisho kuna kinyota kidogo. Ukikifuata hicho kinyota hadi chini kabisa, chini ya anwani, chini ya vigezo na masharti, utakuta "bei haijumuishi ushuru" kwa herufi za pointi tano, kijivu juu ya nyeupe. Mimi hii ndiyo kazi yangu. Mteja akiniletea maandishi ya pointi tano ya kijivu huwa namwambia hayatasomeka. Wengi husema, "Basi ongeza." Wachache hunyamaza, na hao wanajua wanachotaka.

Nilikiona kabla ya kutia sahihi. Nikamuuliza kijana wa mauzo ushuru wenyewe ni ngapi.

"Ni VAT tu, madam, ile ya kawaida."

VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16. Kwa hesabu hiyo 2,500 inapanda hadi 2,900. Nikatia sahihi nikiwa na 2,900 kichwani, na bajeti ya duka nikaipanga hivyo.

Bili ilipoingia kwenye barua pepe, ukiacha ada moja ya kampuni ambayo nitaieleza baadaye, kila laini ilikuwa na mistari mitatu. Huduma, 2,500. Ushuru wa bidhaa (excise duty) asilimia 15, 375. VAT asilimia 16, 460. Jumla 3,335. Huo mstari wa katikati kijana hakuutaja kabisa. Na hebu tazama wa tatu: asilimia 16 ya 2,500 ni 400, sasa hiyo 60 zaidi imetoka wapi?

Imetoka kwenye mstari wa katikati. Kisheria, VAT haihesabiwi kwa bei tupu ya huduma, inahesabiwa kwa bei ikishaongezwa ushuru wa bidhaa. Kwa hiyo 2,500 kwanza inakuwa 2,875, kisha asilimia 16 inapigwa kwa hiyo 2,875, ndiyo unapata 460. Unatozwa ushuru juu ya ushuru. Mtu akijumlisha 15 na 16 atapata 31, lakini kinachotoka mfukoni ni asilimia 33.4. Ukitaka njia ya mkato, chukua bei yoyote ya simu iliyoandikwa "bila ushuru" uizidishe kwa 1.334. Mimi nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito kando ya kompyuta ya kaunta.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa na adabu, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Hiyo ni ya serikali, madam, sisi tunakusanya tu." Na kweli, hakudanganya. Kampuni ya simu inatoza hizo pesa kwa niaba ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na kuziwasilisha kila mwezi. Wao hawabaki na senti ya ile 835. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba kama ni ya serikali, na inajulikana hadi senti ya mwisho kabla sijatia sahihi, kwa nini haikuandikwa pale penye 2,500?

Niliporudi dukani, vijana wangu wakasema turudi kwenye kredo, eti kule hakuna ushuru. Upo, tena uleule. Tofauti ni kwamba kwenye laini za kulipia kwanza bei za dakika na bando hutangazwa ushuru ukiwa ndani tayari. Ukinunua kredo ya 100, simu inakuonyesha 100, lakini ukishaitumia yote, kama shilingi 25 zimekwenda kwa ushuru na kampuni imebaki na kama 75. Hakuna anayeiona hiyo 25 kwa sababu hakuna anayeletewa bili. Mama mboga anayenunua kredo ya 20 analipa kiwango kilekile ninacholipa mimi, ila yeye haandikiwi.

Wala kiwango hakijatulia. Mwaka 2018 ushuru wa bidhaa kwenye simu ulitolewa asilimia 10 ukapandishwa hadi 15. Julai 2021 ukafika 20. Julai 2023 ukarudi 15. Kwenye Mswada wa Fedha wa 2024 kulikuwa na pendekezo la kuurudisha 20, ule mswada ambao Rais Ruto aliuondoa baada ya vijana kujaa barabarani mwezi Juni. Sisi wa River Road tulifunga milango wiki hiyo, kwa hiyo tunaukumbuka vizuri. Ungepita, laini yangu ya 2,500 ingekuwa 3,480, na kipeperushi kingebaki vilevile, 2,500 na kinyota chake.

Mdogo wangu wa kike anaishi Minneapolis, Marekani. Nilipomtumia picha ya bili yangu alicheka, akanirushia yake. Kule ndiko ungechoka kusoma. Bei ya tangazo, halafu kodi ya mauzo ya jimbo la Minnesota, asilimia 6.875, halafu nyongeza za huko mjini kwao, halafu ada ya namba ya dharura 911, halafu mchango wa Mfuko wa Huduma kwa Wote, ule wa kusaidia simu zifike vijijini na shuleni. Huo mchango serikali huidai kampuni, haimdai mteja. Kampuni imeruhusiwa kumsukumia mteja, haikulazimishwa, na nyingi husukuma. Chini yake kuna "ada ya usimamizi", ambayo ukiuliza utagundua si kodi kabisa, ni kampuni imejiwekea, ila imepangwa pamoja na kodi ili ifanane nazo. Wale watu wana historia ndefu na haya mambo: mwaka 1898 serikali yao iliweka ushuru kwenye simu ili kugharamia vita na Uhispania, na masalia ya ushuru huo, asilimia 3 kwenye huduma ya simu za ndani ya eneo, yameishi zaidi ya karne moja.

Nilimuuliza kwa nini basi hawatangazi bei kamili. Akanieleza kwamba kule hakuna kodi moja ya mauzo ya nchi nzima. Kila jimbo lina kiwango chake, na majimbo matano, Oregon, Montana, New Hampshire, Delaware na Alaska, hayana kodi ya mauzo ya jimbo. Ndani ya jimbo, kaunti na miji nayo huongeza yake. Kampuni ikitangaza kwenye televisheni ya taifa, haiwezi kutaja jumla moja itakayokuwa kweli Minneapolis na Portland ya Oregon kwa pamoja. Bado naona wanajificha kidogo nyuma ya hilo, lakini angalau ni sababu.

Hapa kwetu hiyo sababu haipo. Ushuru wa bidhaa na VAT ni sheria za taifa zima. Mteja wa Lodwar, wa Likoni na wa Lang'ata wanalipa asilimia 33.4 ileile. Kaunti haina sehemu yake kwenye bili ya simu. Mchoraji wa kipeperushi angeweza kuandika 3,335 na ingekuwa kweli kuanzia Moyale hadi Vanga.

Meneja wa tawi, nilipomfikia, alikuwa na hoja bora kuliko wengine wote. Alisema laini za biashara hutangazwa bila ushuru kwa sababu biashara zilizosajiliwa kwa VAT hujirudishia. Ni kweli. Mimi nimesajiliwa, na zile 460 za kila laini, 1,380 kwa zote tatu, nazipunguza kwenye VAT ninayopeleka KRA, mradi ankara iwe na PIN yangu, ile namba ya mlipakodi, na ipite kwenye mfumo wa KRA inavyotakiwa, na niidai ndani ya miezi sita. (Ya kwanza ilikuja bila PIN. Walirekebisha siku hiyohiyo nilipolalamika. Wewe kagua yako.) Lakini nikamwambia: mkubwa, ushuru wa bidhaa je? Ile 375 mtumiaji kama mimi harudishiwi na mtu. Ni gharama, sawa na pango la duka. Kwa hiyo hata kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa, bei ya laini si 2,500, ni 2,875. Na jirani yangu anayeshona sare za shule, ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki milioni 5 na hajasajiliwa kwa VAT, bei yake ni 3,335 yote. Hakuna mteja hata mmoja, mkubwa wala mdogo, ambaye bei yake ni 2,500. Hiyo namba iliyochukua theluthi ya ukurasa hakuna anayeilipa.

Akakubali kwa kichwa, akasema ataipeleka makao makuu. Nikamwonyesha pia kwamba Sheria ya Ushindani ya 2010 inampa mteja haki ya kuelezwa ada na gharama zote kabla ya huduma kuanza, na kwamba kijana wake alinitajia VAT tu. Kwa hilo aliniomba radhi, na akanifutia ada ya kuhamisha namba yangu ya kaunta iliyokuwa kwenye bili ya kwanza. Hiyo ada, kwa taarifa yako, si ushuru, ingawa ilikuwa imekaa hapohapo kati ya ushuru. Ukisoma bili yako, tenganisha: yenye jina la ushuru na asilimia ni ya KRA, hiyo hubishani nayo. Ada za kuchelewa kulipa, bili ya karatasi, kuhamisha namba, hizo ni za kampuni, na hizo unaweza kuziuliza, hata kuzipinga.

Sasa huduma yenyewe. Mtandao unashika hadi ndani kabisa ya duka letu, ambalo liko ghorofa ya chini nyuma ya ngazi, mahali ambapo laini ya zamani ilikuwa inahitaji mtu asimame mlangoni. Faili la bango la mita tatu linashuka nikiwa bado naongea na mteja. Dakika hazijawahi kutuishia kabla ya mwezi. Kijana wa mizigo anapotea mara mojamoja akiwa upande wa Industrial Area, lakini huko hata wenzake wa laini nyingine hupotea. Tangu tuanze, ukiacha hiyo ada, bili huja ileile, 3,335 mara tatu, haijapanda wala kushuka, na kwa mtu anayepanga matumizi ya duka hilo lina thamani yake. Huduma kwa wateja hupokea simu upesi. Ningekuwa napima huduma peke yake ningewapa nne kati ya tano bila kusita. Tangazo ningelipatia moja, na hiyo moja ni ya mchapishaji.

Ukitaka kuchukua hii ofa au inayofanana nayo, usihangaike na kipeperushi. Waambie wakutumie makadirio kwa barua pepe yenye jumla ya mwisho kwa kila laini, ushuru wa bidhaa na VAT kila mmoja kwenye mstari wake. Wanayo tayari kwenye mfumo. Nilipoomba ya laini ya nne iliingia kabla sijakata simu, na ilisema 3,335 wazi kabisa.

Hiyo ya nne sikuichukua. Na mkataba ukiisha nitabakiza mbili, ya kaunta na yangu. Kijana wa mizigo hupiga simu fupifupi tu, "niko chini, shuka", na kwa matumizi yake kredo ya kawaida haifiki hata nusu ya 3,335, ushuru ukiwamo.