Uzoefu wangu na mfumo mpya wa maktaba ya chuo: herufi moja imetutesa muhula mzima

Mimi ni mkutubi wa majarida na vitabu vya kielektroniki katika chuo kikuu, na mfumo mpya tuliohamia mwaka jana naufungua asubuhi na kuufunga jioni. Waliousaini mkataba hawautumii. Sisi tunaoutumia hatukuulizwa. Nimenyamaza vya kutosha.

Mfumo una sehemu ngapi na unafanya nini, hayo yamo kwenye vipeperushi vya kampuni iliyotuuzia. Ila nianze kwa kuupa haki yake. Ule wa zamani ulijengwa kwa ajili ya vitabu vya karatasi: nunua, ingiza kwenye katalogi, azimisha, dai kilichochelewa. Rekodi za MARC, yaani muundo wa kuandika taarifa za kitabu ili kompyuta izisome, zilizoasisiwa miaka ya 1960 na Henriette Avram pale Library of Congress, Marekani, zilitosha kwa kazi hiyo. Jarida la mtandaoni halitulii hivyo. Leo umelilipia, kesho limehamia kwa mchapishaji mwingine, leseni inaisha, anwani inabadilika. Yote hayo tulikuwa tunayafuatilia kwenye majedwali, kila mtu na lake, na mwenye jedwali akienda likizo kazi inalala. Mfumo mpya umeweka leseni, malipo na tarehe za kuhuisha mahali pamoja. Ripoti za matumizi za COUNTER, kanuni ya pamoja ya kuhesabu wasomaji wa machapisho ya mtandaoni, zinaingia zenyewe, wakati zamani nilikuwa nahangaika na tovuti ya mchapishaji mmoja mmoja, kila moja na nywila yake. Siku niliyoziona zimejipanga nilifurahi sana. Ningeandika wiki ile, ningetoa nyota nne bila kusita.

Halafu akaja mwanafunzi wa uzamili, amebana kompyuta yake kwapani, macho mekundu kwa kukesha. Akaniwekea mezani. Makala anayoihitaji imetoka miezi michache tu iliyopita, na pembeni yake kuna kitufe cha kijani: maandishi kamili yanapatikana. Akabofya mbele yangu. Ukurasa ukazunguka, ukafunguka kwa mchapishaji, ukamtaka atoe kadi ya benki. Akarudi, akabofya tena, ikawa vilevile. "Dada, kama hatuna si wangesema tu hatuna?"

Nikaenda kuchungulia nyuma ya kitufe. Mfumo unajua tunacho nini kwa kusoma hazina kuu ya data ambayo kampuni inaitunza kwa wateja wake wote. Hazina hiyo inajazwa kwa orodha za wachapishaji zilizopangwa kwa utaratibu wa KBART, mwongozo wa kupanga orodha hizo ambao NISO, shirika la viwango la Marekani, na UKSG, jumuiya ya Uingereza ya wakutubi na wachapishaji, waliutoa mwaka 2010. Ndani ya orodha kuna safu ya muda wa zuio, inayosema matoleo ya kipindi gani yanafunguka. Ikiandikwa P1Y, maana yake una kila kitu isipokuwa mwaka mmoja wa karibuni. Ikiandikwa R1Y, una mwaka huo wa karibuni peke yake. Kifurushi chetu ni cha matoleo ya nyuma, kwa hiyo ni P. Kwenye hazina yao imeandikwa R.

Yaani kila kitu kimegeuzwa. Makala mpya, ambazo hatuna haki nazo, zinawaka kijani. Za miaka yote ya nyuma, ambazo tunazilipia, mfumo unasema hazipo. Ndipo nikaelewa kwa nini maombi ya kuazima makala kutoka maktaba nyingine yalikuwa yamefurika, mpaka mkutubi wa maktaba moja akatuandikia kutuuliza mbona tunamwomba kitu tulichonacho wenyewe. Na kwenye ripoti za COUNTER, kipimo cha No_License, kinachohesabu watu waliogonga mlango wa kitu tusicho na leseni nacho, kilikuwa kimepanda, huku usomaji wa makala za nyuma ukiporomoka. Kamati ya bajeti inasoma ripoti hizohizo. Mtu asiyejua angesema kifurushi hiki hakina wasomaji, kikatwe.

Nikarekebisha upande wetu, maana kuna sehemu ya kuandika tarehe zetu wenyewe. Sasisho lililofuata kutoka hazina kuu likafuta nilichoandika. Nikarudia. Likafuta tena.

Nikafungua tiketi ya msaada kwa kampuni, na picha za skrini na leseni nimeambatisha. Jibu: "Ndugu mteja, data hii imetoka kwa mchapishaji. Tiketi imefungwa." Nikamwandikia mchapishaji, akanitumia faili lake, na ndani yake P1Y imekaa wazi kabisa. Nikafungua tiketi upya na faili hilo. Ikafungwa tena, hali: imetatuliwa. Imetatuliwa na nani?

Mwishowe tukapewa kikao cha mtandaoni. Alikuwapo mkuu wa maktaba, walikuwapo watu wa kompyuta. Kijana wa huduma kwa wateja hakuniacha nimalize sentensi. "Dada, maktaba nyingine zina kifurushi hikihiki na hakuna aliyelalamika. Labda timu yako ingejifunza mfumo kwanza."

Mbele ya bosi wangu. Mimi niliyeshinda na data zao kuliko yeye, nikiwa na faili la mchapishaji wazi kwenye skrini ambayo alikataa kuitazama.

Baada ya kikao nikampigia mkutubi mwenzangu wa chuo kingine. Nikamwambia afungue kifurushi kile. R1Y. Wanafunzi wake walikuwa wanalalamika siku nyingi, na wao wakadhani ni matatizo ya intaneti. Kwa hiyo ni kweli hakuna aliyelalamika: kila mtu alikuwa anadhani tatizo liko kwake.

Mwenzangu wa ofisini ananiambia namwonea mfumo, kwamba kosa ni la aliyeingiza herufi. Kwa muda nilikubaliana naye. Binadamu hukosea, na orodha hizi ni ndefu mno. Lakini kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyokataa. Mfumo unaofuta sahihisho la mkutubi bila hata kumwarifu umejengwa na mtu aliyeamua kwamba mkutubi hana la kusema. Hilo si kosa la herufi. Nyota moja.

Kurudi tulikotoka? Hapana, majedwali yale siyataki tena, na kwa kazi ya kuhuisha mikataba peke yake naupa mbili. Huduma kwa wateja siipi hata moja.

Kama chuo chenu kiko mbioni kusaini, msikodolee macho maonyesho ya muuzaji. Mwambieni abadilishe tarehe za jarida moja mbele yenu, aendeshe sasisho, kisha mwone kama badiliko limebaki. Ulizeni nani ana mamlaka ya kusahihisha hazina kuu na kwa muda gani, na liandikwe kwenye mkataba. Watu watawaambia mchukue mfumo huria kama Koha au FOLIO. Ni njia nzuri, ila msimbo ulio wazi hausahihishi data mbovu. Ulizeni data inatoka wapi. Ipo GOKb, hazina ya wazi inayohaririwa na jumuiya ya wakutubi wenyewe, na ndiyo mwelekeo ninaoupigania hapa kwetu.

Mpaka ninapoandika, tiketi ya tatu inasema "inapitiwa" na R ipo palepale. Nimebandika tangazo juu ya ukurasa wa kutafutia: kwa majarida ya kifurushi hiki, usiamini kitufe, niandikie nikutumie kiungo sahihi. Wananiandikia usiku na mchana, nami nawajibu. Kikao cha kuhuisha mkataba kinakaribia, na jedwali la No_License nimeshalichapisha, nakala kwa kila mjumbe.