Miaka 50 ya Saturday Night Live: uitazame nzima au vipande?

Barazani kwetu, kahawa ikishamiminwa na kashata kutafunwa, mzozo haukosi: ile shoo ya kutimiza miaka 50 ya Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, iangaliwe nzima, au vipande vyake kwenye simu?

Kwa bei, vipande havina mpinzani. Shoo nzima ni zaidi ya saa tatu, inakomba bando. Kichekesho kimoja ni dakika chache tu. Umeme ukikatika, wa vipande hana cha kulilia.

Ila utamu ni kitu chengine. Kipindi kilianza 11 Oktoba 1975, na shoo hii ya 16 Februari 2025 ilirushwa moja kwa moja kutoka New York. Unguja ilikuwa saa 10 alfajiri ya Jumatatu, hata waadhini bado wamelala. Mwanamuziki Paul Simon alikuwamo kwenye ufunguzi, mchekeshaji Steve Martin akaja na maneno yake, Paul McCartney wa Beatles akafunga kwa muziki. Aliyekaa nayo mpaka mwisho aliwaona wakongwe wa kipindi wakirudi jukwaani, na kelele za ukumbi zikamwambia nani anapendwa. Kipande hakikupi hayo. Kinakupa kicheko, basi.

Tena mizaha mingi inataka uwe unawajua wahusika. Jirani yangu aliitazama nzima, kisha akauliza, "Sasa hawa wanacheka nini?" Mie nilicheka zaidi kumtazama yeye.

Kama unawafuatilia watu hawa tangu zamani, tia bando ukeshe. Kama unatafuta cha kumwonesha shemegi mkiwa kwenye daladala, kipande chatosha.