Tahadhari: fundi anayeuza Windows 11 ya picha tu hapa Bukavu

Ndugu wa Bukavu, hasa ninyi wenye ofisi ndogo za kuchapa na kutoa fotokopi, kuna fundi anayepita mlango kwa mlango na flashi yake mfukoni, akiwaambia watu kwamba kompyuta yenye Windows 10 itazimika yenyewe isipobadilishwa haraka. Ni kweli kwamba Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hata hivyo mashine haizimiki; inaendelea kufanya kazi, ila mianya mipya ya usalama haizibwi tena, na hilo ndilo la kuogopa.

Dada yangu alimlipa dola 25. Kompyuta ilirudi ikiwa na ile picha ya samawati ya Windows 11, alama za programu zimepangwa katikati chini ya skrini, nasi tukaamini. Jioni nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, nikaandika winver, na kidirisha kilichofunguka kikaonyesha Windows 10, toleo 1809. Hilo ni toleo la mwaka 2018, ilhali kabla hajaigusa mashine ilikuwa na 22H2, toleo la mwisho la Windows 10. Alilipwa, akairudisha nyuma! Tena alikuwa amezima masasisho pamoja na kinga ya virusi, ili programu aliyoitumia kughushi leseni isikamatwe. Ndani ya mashine hiyo mna nakala za kadi za mpiga kura za wateja, ambazo kwetu ndizo kitambulisho cha mtu.

Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza, sasisho la kukizuia lilikuwa limetolewa tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wameliweka.

Kutoka Windows 10 kwenda 11 ni bure kwa mashine inayokidhi masharti, na programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check itakuambia kama yako inafaa. Najua mega za intaneti za kuipakua ni ghali, lakini hazifikii dola 25. Fundi yeyote na aandike winver mbele yako kabla hujatoa pesa. Kama huyu amekwisha kupita kwako, hamisha mafaili yako, mashine ifutwe yote na kuwekewa mfumo upya, na nywila za barua pepe uzibadilishe kwa kutumia simu, si kompyuta hiyo.