Kozi ya maandalizi ya masomo ya mtandaoni: wiki mbili bila neno juu ya saa

Ninafundisha shule ya msingi wilayani Pangani, na mwaka huu nilijiunga na stashahada inayosomwa mtandaoni katika chuo ambacho sitakitaja. Kabla ya masomo yenyewe, kila mwanafunzi hulazimika kupitia kozi ya maandalizi ya wiki mbili, na ndiyo ninayoizungumzia hapa, kwa kuwa hasira yake bado haijanitoka.

Kozi ilianza kwa dodoso: una kompyuta, una intaneti ya uhakika, unaweza kujisimamia? Nilijaza kwa uaminifu kwamba natumia simu na bando la wiki, na kwamba nasoma watoto wakishalala. Mfumo ukanijibu kwa maandishi ya kijani kwamba niko tayari. Hakuna aliyeyarudia majibu yangu tena, na video ndefu za makaribisho zilimaliza bando kabla ya Jumatano.

Hayo ningeyasamehe. Nisichoweza kusamehe ni zoezi la kwanza. Kwenye Moodle, mfumo ambao chuo hutumia kuendesha masomo mtandaoni, paliandikwa kwamba mwisho wa kuwasilisha ni Ijumaa, 12:00 AM. Alhamisi jioni kazi yangu ilikuwa imekamilika, lakini nilitaka kuipitia tena, nikiamini kwamba Ijumaa nzima ni yangu. Kulipokucha, kitufe cha kuwasilisha hakikuwepo. Sisi tunahesabu saa tangu macheo, na kumi na mbili kwetu ni alfajiri au magharibi. Mwenzangu mmoja alingoja hadi saa kumi na mbili jioni. Kwa mashine, 12:00 AM ya Ijumaa ni saa sita usiku, pale Alhamisi inapoishia. Mama yangu, ambaye kama wazee wengi wa Pwani huuita usiku huo usiku wa Ijumaa, angeielewa tarehe ile kuliko mimi.

Nikapiga simu dawati la msaada. Kijana aliyepokea hakuuliza hata jina langu. "Mama, kama walimu mnashindwa kusoma saa, hao watoto mnawafundisha nini?" Kisha akakata. Nilibaki nimekaa kwenye ngazi za ofisi ya walimu, simu mkononi, hata kengele ya mapumziko ilipolia sikuinuka.

Nilikuwa nimekusudia kumwambia kila mwalimu aiepuke kozi hii. Siku chache baadaye, hata hivyo, mkufunzi mmoja alinipigia kwa salio lake mwenyewe, akanifungulia zoezi, kisha tukaingia pamoja kwenye wasifu wangu na kuhakikisha kwamba majira yaliyowekwa ni ya Afrika Mashariki. Akanielekeza kupakua masomo kwenye programu ya Moodle ya simu ili niyasome bila bando. Kwa dakika ishirini nilipata nilichokikosa kwa wiki mbili, na siku ile ningeipa kozi alama zote kwa ajili yake.

Lakini alama hizo ni zake, si za kozi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, walimu wengi wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, walisomea ualimu wakiwa kazini, kwa njia ya posta na redio, na wakufunzi waliwafuata huko huko vijijini. Kwa hiyo kumfikia mwanafunzi aliye mbali si jambo geni katika nchi hii, na chuo hakina kisingizio cha kumwachia mkufunzi mmoja mzigo huo na salio lake. Mwenzangu yule aliyengoja hadi magharibi hakupigiwa na mtu. Ameacha masomo, na ada aliyolipa haijarudi.

Mimi naendelea, na pengine bado ningemshauri mwalimu mwenye moyo mgumu ajiunge, mradi amtafute mkufunzi huyo mapema. Katika somo lake sasa tarehe za mwisho zinaandikwa hivi: Alhamisi usiku, saa tano na dakika 59. Katika masomo mengine yote bado ni 12:00 AM.