Kupimisha metali katika maji ya kisima, Jambiani: aseniki iliyotoweka na risasi iliyobaki

Huduma ninayoieleza hapa ni ya kupima metali nzito katika maji ya kunywa, inayotolewa na maabara moja ya binafsi ya Dar es Salaam inayopokea sampuli za Zanzibar kupitia wakala wake wa mjini. Jina lake silitaji kwa sababu nina malalamiko nayo, ingawa bado ninaitumia. Nina nyumba ndogo ya wageni Jambiani, na maji yetu yanatoka katika kisima kilichochimbwa kwenye jiwe la matumbawe, yakapandishwa kwa pampu hadi tangi la juu ya paa. Majirani kadhaa nao huteka hapo.

Kwa muda mrefu tumekuwa na kile kijikalamu cha kidijitali cha kupimia maji ambacho siku hizi kila mtu anacho. Kijikalamu hicho hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha kikakisia kiasi cha chumvichumvi zilizoyeyuka, na kwa pwani yetu kinafaa sana kuonyesha kisima kinapoanza kuvuta maji ya bahari wakati wa kiangazi. Kwa risasi hakina msaada wowote. Kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani kwa risasi ni maikrogramu 10 kwa lita, na cha aseniki ni hicho hicho, ilhali chumvichumvi za kisima chetu huhesabiwa kwa mamia ya miligramu, na miligramu moja ni maikrogramu elfu. Hata risasi ikizidi kiwango mara tano, namba kwenye kioo cha kijikalamu haitatikisika.

Wakala alinikabidhi boksi lenye chupa za plastiki zilizokwisha kuoshwa kwa asidi, glavu, karatasi ya maelekezo na chupa moja iliyojaa maji safi kabisa ya maabara. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niamini kwamba watu hawa wanaijua kazi yao. Nilitakiwa niifungue pale pale kisimani, nimimine maji yake katika chupa tupu na kuirudisha pamoja na nyingine, ili metali yoyote itakayoonekana humo ijulikane kuwa imetokana na vumbi, glavu au chupa, wala si kisima. Chupa za sampuli zilikuwa na matone ya asidi ya nitriki chini, na maelekezo yalionya kwa herufi nzito kwamba zisisuuzwe wala zisijazwe hadi kumwagika. Metali zikiwa kidogo kiasi hicho hujishika kwenye kuta za chupa, na maji yakifika maabara huonekana masafi kuliko yalivyokuwa. Asidi ikiishusha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, chini ya 2, hubaki zimeyeyuka. Kijana wetu wa pampu, ambaye hateki maji bila kusuuza chombo kwanza, alinitazama kwa mashaka makubwa.

Ripoti ya kwanza ilikuwa ya ukurasa mmoja, na ilisema kwamba aseniki ni maikrogramu 14 kwa lita. Mwenye nyumba ya wageni yeyote anaelewa namba kama hiyo inavyosomeka. Nilifunga mfereji wa jikoni, nikaagiza maji ya madumu, kisha nikampigia simu mkemia wa maabara kumwuliza namba hiyo imepatikanaje. Nikiri kwamba alinijibu kwa uungwana na bila kuzunguka. Mashine yao huyapuliza maji kama ukungu ndani ya plazma ya gesi ya agoni yenye joto la nyuzi maelfu kadhaa, atomu zikageuka ioni, na ioni hizo zikachambuliwa kwa uzito wake. Aseniki ya asili ina uzito mmoja tu, nao ni 75. Lakini agoni yenye uzito wa 40 ikishikamana na klorini yenye uzito wa 35, jumla yake nayo ni 75, na mashine isiyowekewa namna ya kuzitenganisha huzihesabu zote kuwa aseniki. Maji ya bahari yana takriban gramu 19 za kloridi, yaani klorini iliyomo katika chumvi, katika kila lita, na kisima cha jiwe la matumbawe kilicho karibu na ufuo hakikosi kupata sehemu yake. Maana yake ni kwamba kipimo hiki kikifanywa kwa mkato, kisima cha pwani kinaweza kutangazwa kuwa na sumu kwa kosa la kuwa na chumvi.

Nilitaka sampuli irudiwe kwa kutumia chumba cha mgongano chenye gesi ya heliamu, ambamo zile ioni za kuungana, kwa kuwa ni kubwa, hugongana na gesi mara nyingi zaidi, hupoteza nguvu na kuzuiwa njiani, huku aseniki yenyewe ikipita. Chumba hicho kimo ndani ya mashine ile ile. Kwa sampuli yangu hakikuwa kimetumika. Jibu la pili lilisema aseniki iko chini ya maikrogramu 2. Kwa nini isiwe sifuri? Kwa sababu maji yenye chumvi nyingi huzimuliwa kwanza ili yasiisumbue mashine, na yakizimuliwa mara kumi, kiwango kidogo kabisa ambacho mashine inaweza kukithibitisha nacho hupanda mara kumi. Binafsi ningeitilia shaka ripoti ya metali iliyoandika sifuri.

Risasi haikutoweka. Maelekezo yalitaka chupa mbili kutoka mfereji wa jikoni, moja ikingwe alfajiri kabla maji hayajatumika, nyingine baada ya kuyaacha yatiririke kwa dakika chache. Ya alfajiri ilizidi kiwango, ya pili haikuonyesha kitu, na ile chupa ya maji ya maabara ilitoka safi. Kisima hakina hatia: risasi inatoka katika mifereji ya shaba nyeupe na viungo vyake, ambamo maji hulala usiku kucha. Kwa chupa moja tu ya maji yaliyotiririshwa, jambo hili lisingejulikana kamwe. Mifereji imebadilishwa, na chupa ya alfajiri iliyofuata ilikuwa ndani ya kiwango.

Kinachoniudhi ni kwamba marudio ya aseniki nililipishwa, ingawa kasoro ilikuwa ya utaratibu wao, na kwamba ripoti huja kwa Kiingereza pekee, hali majirani wanaoteka kwangu wana haki ya kuisoma wenyewe. Ripoti ndefu, inayotaja njia iliyotumika, viwango vya chini vinavyothibitika na matokeo ya chupa ya maji ya maabara, hutolewa kwa anayeiomba, bila malipo ya ziada. Iombeni mnapokabidhi sampuli, na kama kisima chenu ni cha pwani, waandikieni kabisa kwamba maji yana chumvi.

Vijidudu sipeleki Dar. Sampuli yake inatakiwa ikae kwenye baridi na ianze kupimwa ndani ya saa 24, na boti ikiahirishwa kwa upepo, muda umekwisha. Hiyo naipeleka mjini asubuhi ile ile ndani ya sanduku la barafu, ambako mililita 100 huchujwa kwa utando, kisha utando huo ukaatamizwa kwenye joto ili vijidudu vilivyonaswa vikue na kuhesabiwa, pamoja na kipimo cha nitrati, ambayo kiwango chake ni miligramu 50 kwa lita. Nitrati yetu bado iko chini ya hapo, lakini nitairudia baada ya masika, kwa kuwa jirani amechimba karo jipya, yaani shimo la maji machafu, upande wa juu wa kisima.