Diski za mbele kwenye Land Rover 109: nilichopata kwa pesa yangu

Kama umewahi kushuka mteremko mkali wa Kitonga na Land Rover Series III 109 yenye mzigo, harufu ya breki shuu zinazoungua unaijua, na unaijua pedali inayozidi kuzama kila kona. Yangu ni ya miaka ya 70, dramu magurudumu yote manne, yaani ngoma inayozunguka na gurudumu huku shuu zikiibana kutoka ndani, na masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) ya laini moja. Maana yake bomba moja likipasuka, unabaki na hendibreki na maombi. Nikaamua kuifungia diski mbele, yaani sahani ya chuma inayobanwa na pedi pande zote mbili.

Niseme kwanza kwamba dramu za 109 zinasingiziwa sana. Za mbele ni inchi 11, kila gurudumu lina wili silinda mbili (vile visilinda vinavyosukuma shuu), na gari likienda mbele shuu zote mbili zinajikaza zenyewe dhidi ya dramu. Zikisetiwa sawa zinashika vizuri tu. Kazi ni huko kuzisetia: kila shuu ina ajasta yake, ukizidisha moja kidogo usukani unavutwa upande. Halafu gari likianza kurudi nyuma mlimani, kule kujikaza kunapotea kabisa, unakanyaga mpaka goti linatetemeka na gari bado linateleza. Ukivuka mto ndiyo balaa, maji yanakaa humo ndani na inabidi utembee umegusa breki hadi zikauke.

Range Rover ilitoka na diski magurudumu yote tangu 1970, lakini ndugu yake Series III akaachiwa dramu hadi uzalishaji ulipokoma 1985. Diski za mbele zilikuja na One Ten, mrithi wa 109, mwaka 1983. Kwa hiyo mwenye 109 ama apachike ekseli ya gari la baadaye, kazi ya kukata na kuchomelea vikalio vya springi, ama anunue seti inayofungwa kwa bolti kwenye ekseli yake ileile. Nilichukua seti, ikaja kwa meli kutoka Ulaya.

Vyuma vyenyewe sina neno. Mabano ya kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, yalikaa palepale ilipokuwa imefungwa sahani ya dramu, matundu yakalingana bila kutoboa wala kupiga tupa, na rimu zangu za inchi 16 zikazunguka bila kugusa kalipa. Maelekezo ndiyo aibu: karatasi moja, picha nyeusi tii, huoni bolti ipi inaanza. Kwa bei ile muuzaji angejitahidi kidogo. Na kwa kuwa habu (vitovu vya magurudumu) lazima zitoke, badilisha sili na beringi hapohapo. Usirudishe za zamani.

Ubishi ulikuwa kwenye masta. Fundi alitaka kuiacha: "Bosi, hii nzima kabisa, unatupa hela." Nikakataa. Diski haina ule ujanja wa kujikaza, inategemea nguvu inayotoka kwenye pedali, kwa hiyo bila busta, kile kifaa kinachoongezea nguvu ya mguu, utakuwa unasukuma ukuta. Tena masta nyingi za dramu zina kivali kinachobakiza presha kidogo kwenye bomba. Upande wa diski presha hiyo inaacha pedi zikisugua muda wote. Tukafunga masta ya laini mbili pamoja na busta, mbele na nyuma kila moja na njia yake, na mafuta ya DOT 4, ambayo yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Ukiniuliza, nusu ya faida niliyoipata iko hapa, siyo kwenye diski.

Kitonga sasa nashuka na gia ndogo kama zamani, ila pedali inabaki juu hadi chini kabisa ya mlima. Gari linasimama limenyooka. Nikitoka kwenye maji, mkanyago wa kwanza ni mwepesi kidogo, wa pili unashika. Kubadilisha pedi ni kazi ya nusu saa chini ya mwembe, bila kupigana na springi za shuu.

Kero zipo. Kokoto ikinasa kati ya diski na bati la kukinga vumbi, inapiga kelele hadi watu wanageuka. Kwenye tope la mchanga pedi zinaisha upesi kuliko shuu. Na gharama: seti, usafiri, ushuru, masta, busta na fundi, ukijumlisha unaanza kuiangalia injini iliyotumika kwa jicho jingine.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji pedi zake ni za gari gani. Zangu ni za Defender, kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, zinapatikana. Ukiletewa kalipa ya kipekee, siku pedi zikiisha gari linapaki. Na kama 109 yako inazunguka mjini tu, nunua shuu mpya, wili silinda mpya, tafuta fundi anayejua kuseti, ila masta ya laini mbili funga hata hivyo. Nyuma nimeacha dramu na sina mpango wa kuzigusa. Mzigo mkubwa wa kusimamisha gari uko mbele, na hendibreki ya 109 ina dramu yake nyuma ya gia boksi, haitegemei magurudumu.